Ameshanifulia nguo za safari

*Shikamoo shangazi. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Mabwerebwere, wilaya ya Kilosa, na kazi yangu ni udereva wa watalii pale Mikumi. Mwaka jana mwezi wa tatu, corona ilipoingia, tulirudishwa nyumbani bila malipo. Nimeitwa tena kazini Agosti mwaka huu wa 2021. Kipindi hicho chote tuliishi kwa vitumbua vya mke wangu na vibarua vya shambani. Sasa mdogo wangu anayefanya kazi Dubai amenikatia tiketi nikapumzike kwake wiki moja kuanzia Januari 3, tukae ufukweni. Anasema, kaka umeteseka sana. Nimechanja ile ya dozi moja, lakini nasikia kuna kirusi kipya, Omikroni. Je, dozi moja inatosha? Nikiugua kule nani atalipa? Na nikirudi nacho? Maana Februari mke wangu aliugua nimonia kali, sasa ni mzima ila anachoka haraka. Mke wangu hana neno, ameshanifulia nguo za safari. Niende, nisiende?*

*Dereva, Mabwerebwere*

Marahaba, mwanangu. Barua yako ilikuwa ndefu kuliko inavyoonekana hapa. Nimekata kurasa mbili zilizohusu kirusi, wala sioni haya, kwa sababu swali lako limeshajibiwa na wenye nchi. Tangu jioni ya Jumamosi iliyopita, siku ya Krismasi ya 2021, Falme za Kiarabu zimesitisha kupokea abiria wanaotoka Tanzania, Kenya, Ethiopia na Nigeria. Hata anayepita tu kuunganisha ndege hapokewi, ila makundi machache kama raia wao na wanadiplomasia. Wewe si balozi. Mwambie mdogo wako aulize shirika la ndege kama tarehe inasogezwa au fedha zinarudi.

Ningeweza kuishia hapo nikampa nafasi msomaji mwingine. Lakini marufuku za namna hii zina tabia ya kupita. Mwaka jana Kenya ilipofungua anga yake ikatuacha nje ya orodha ya nchi zinazoruhusiwa, nasi tukazizuia ndege za Kenya Airways. Makelele yalikuwa mengi, na ilipofika katikati ya Septemba yamekwisha. Mlango wa Dubai nao utafunguliwa, tiketi itasogezwa, na wewe utakuwa umesimama pale pale uliposimama ulipoandika. Tena sasa utakuwa na kisingizio: utasema Omikroni ndiyo iliyoamua. Kwenu Kilosa mtu anaweza kwenda Ulaya kwa bodaboda na kurudi jioni, maana kata ya Ulaya mnayo, lakini ya Dubai yanataka kikao. Tukae basi, wakati ndege zimesimama.

Ya kirusi kwa ufupi. Dozi moja ni bora kuliko bila dozi. Inapunguza hatari ya kuugua vibaya, ila haikuhakikishii kwamba hutaambukizwa wala hutaambukiza. Ukilazwa ugenini bila bima, atakayelipa ni wewe au mdogo wako kwa mshahara wake wa miezi. Barakoa ndani ya basi kama ndani ya ndege. Ukirudi unakohoa, usilale chumba kimoja na mtu mwenye kifua. Nimemaliza.

Sasa twende kwenye mstari wako wa kabla ya mwisho. "Mke wangu hana neno, ameshanifulia nguo za safari."

Mwanangu, mstari huo ndio barua. Mengine yote ni bahasha.

Mwanamke huyu aliugua Februari. Februari ile hakuna aliyeisahau. Ndiyo aliyofariki mwanasiasa wa Zanzibar, Maalim Seif, pale Hospitali ya Muhimbili, wiki chache baada ya chama chake kutangaza kwamba ana corona, na ndiyo iliyotuletea misiba ya kufuatana ambayo hadharani tuliipa majina ya nimonia na changamoto ya upumuaji. Sitajifanya daktari nikakwambia mkeo aliugua nini. Nashika ulichoandika kwa mkono wako: tangu hapo anachoka haraka. Haya, nguo za safari zinafuliwaje kwenu? Hata bomba likiwa uani, ndoo inabebwa, beseni linawekwa chini, mtu anainama, anafikicha, anasuuza, anakamua, anaanika. Mtu anayeishiwa pumzi amekufanyia hayo ili wewe ukapumzike, nawe ukayaandika kama ushahidi kwamba nyumbani ni shwari.

Mwingine hapa angekutisha kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi mshindo siuogopi. Mshindo una faida yake, watu husikia wakaamka. Ninachokiogopa ni kimya kisicho na mshindo nyuma yake, cha mtu aliyezoea kwamba hakuna swali linalomhusu. Huyo hanuni. Anachukua sabuni.

Nisikuonee. Mdogo wako anaposema umeteseka, hasemi uongo. Mwaka 2019 nchi hii ilipokea watalii wapatao milioni 1.5, mwaka 2020 wakashuka hadi kama 620,000. Nyinyi wa Mikumi hamkuhitaji kusomewa takwimu hiyo. Mliiona kwenye magari yaliyoegeshwa mpaka nyasi zikaota chini yake, na kwenye simu ya bosi isiyopokelewa. Mwanaume aliyezoea kuvaa shati la kampuni akaenda kupalilia kwa mtu aliyekuwa akimpungia mkono kutoka kwenye gari. Hilo linauma mahali ambapo panadol haifiki, na mtu aliyepitia hayo ana haki ya kutaka kulala chali mahali penye upepo.

Lakini hasara zenu hazikuwa sawa. Wewe kazi ilikuondokea. Yeye kazi iliongezeka. Tangu Machi 2020 hadi Agosti 2021 ni miezi kumi na saba ya kuloweka mchele jioni, kuamka saa kumi alfajiri, kuwasha kuni, na kukaa juu ya moshi akigeuza vitumbua vya kuuza ili watoto wapate daftari. Umeandika kwamba mliishi kwa vitumbua "kipindi hicho chote". Chote, mwanangu? Februari imo humo. Nani alikuwa kwenye kikaango wiki ambazo mwenye kikaango alikuwa hawezi kupumua? Kama ni wewe, ungeniandikia, maana wanaume hawasahau siku waliyopika. Kama si wewe, basi ama alipika mgonjwa, ama alinyanyuka kabla ya wakati. Jibu halihitaji kuja kwangu.

Nina msimamo ambao wasomaji wangu wa siku nyingi wameuchoka, na leo watausikia tena. Mapumziko ni mali ya nyumba. Gunia la mahindi likishaingia ndani halina jina la mtu, hata kama aliyelibeba mgongoni ni mmoja; kila tumbo lina haki nalo, na aliyelima zaidi hawezi kuambiwa ale makoko. Mapumziko ndivyo yalivyo. Nyumba inapopata nafasi ya kupumua, swali la kwanza ni nani amebeba zaidi, na huyo ndiye anayeanza kukaa. Anayekuja baadaye asione ameonewa. Tumezoea kinyume chake: mwenye kazi yenye mshahara ndiye anayehesabiwa kuchoka, na mwenye kazi isiyo na likizo anahesabiwa kuwa nyumbani tu. Ukimuuliza mwanamke wa vitumbua mara ya mwisho alipumzika lini, atakutajia siku aliyojifungua.

Katika kurasa nilizokata umenitajia kwamba mkeo ni Mkaguru wa Mamboya. Wakaguru huhesabu ukoo kwa mama. Kwao binti akiolewa haachi kuwa mtu wa ukoo wake, na mjomba wa watoto ni mtu mwenye sauti. Nimeshangaa hakuna mjomba aliyekuuliza kuhusu safari hii. Au hujawaambia? Mtu ambaye roho yake imetulia kuhusu jambo hulisema hata kwa wakwe.

Na ndipo ninapofika kwenye jambo lililonikera zaidi, na ujue hapa nakugombeza. Kazi yako ni kupumzisha watu! Unajua mume na mke wakienda likizo wanavyokaa, wanavyogombania darubini, wanavyosinzia bega kwa bega wakirudi jioni. Umewafungulia mlango wa gari, umewashika mkono wasiteleze. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kwa hiyo mkeo tembo na twiga huenda amewaona, kupitia dirisha la basi, shingo imepinda, mtoto mapajani. Je, bwawa la viboko? Na Uwanda wa Mkata asubuhi, kabla jua halijawa kali? Katika barua nzima hakuna hata sehemu moja uliyoandika kwamba uliwahi kumpeleka. Mtu anayevuka bahari kwenda kupumzika huku mkewe hajawahi kuingia geti la mahali anapofanyia kazi, huyo corona siyo tatizo lake.

Utaniambia tiketi si yako, ni zawadi. Zawadi nayo huzungumzwa. Mpigie mdogo wako simu umwambie neno moja: aliyenilisha ni shemeji yako. Nina wasiwasi kwamba hajawahi kulisikia. Picha aliyonayo huko aliko ni ya kaka aliyeibeba nyumba peke yake kwenye janga, na mchoraji wa picha hiyo simwoni mwingine ila wewe. Ukiisahihisha, huenda atasema tiketi iwe ya watu wawili. Huenda atasema fedha zikirudi atazituma kwa shemeji. Huenda atanuna. Vyovyote vile atakuwa anazungumza na familia yako ilivyo, siyo na ile uliyomsimulia.

Kisha muulize mkeo. Usimuulize "unaonaje nikienda?", maana hilo lina jibu moja tu, na ameshalitoa kwa sabuni. Muulize yeye angependa kupumzika wapi, siku ngapi, na nani abaki na watoto. Ukishauliza, nyamaza. Mara ya kwanza atasema "nenda tu, baba watoto". Hilo ni jibu la mazoea. Uliza tena kesho yake, mkiwa wawili, bila simu mkononi.

Na ujiandae kwamba anaweza asitake bahari. Sisi waandishi wa safu tungependa amalizie ufukweni Bagamoyo na khanga mpya, picha ipendeze. Yeye anaweza kusema anataka kwenda Mamboya kwa mama yake akalale siku nne bila kunusa moshi. Akisema hivyo, usimwambie kwamba hiyo siyo likizo. Omba ruhusa kazini, baki na watoto, na vitumbua uvipike wewe. Wateja hawana tabu, watacheka siku ya kwanza na ya pili watanunua. Dubai sikukatazi. Ikija zamu yako, na mlango ukiwa wazi, na mkeo amesema neno, nenda ukaogelee. Ila uzifue mwenyewe.

Kabla ya yote hayo lipo moja lisilosubiri mlango wa nchi yoyote. Jumatatu, Januari 3, siku ambayo ungepanda ndege, mpeleke mkeo Hospitali ya Wilaya ya Kilosa. Uchovu wa miezi kumi haupitishwi kwa neno "ila". Usimpakie kwenye bodaboda akameze vumbi, kodi gari hata kama ni la jirani. Mweleze daktari aliugua lini, alilala siku ngapi, sasa akitembea wapi pumzi inamkatika, na kwamba kila alfajiri anakaa kwenye moshi wa kuni. Ingia naye chumbani, usibaki nje kwenye benchi. Daktari atamuuliza anaendeleaje, naye atajibu "sijambo, namshukuru Mungu". Hapo ndipo utakapopaswa kusema wewe.