Somo Letu: Mbwa Mgonjwa wa Ini na Gunia la Mahindi



Katika mkutano mmoja hapa Kambu, mama mmoja alituuliza swali lililowachekesha wenzake: "Kambwa kangu kadogo kana macho ya manjano na hakataki kula. Nikape nini?" Mwingine akadakia, "Watu wenyewe hawajashiba, sembuse mbwa!" Basi tukamuuliza alikuwa akimlisha nini. Akasema ni uji wa mahindi yaliyoingia ukungu, yale aliyoyatoa ili watoto wasile, pamoja na makapi ya muthokoi. Na mahindi mengine ya gunia lile lile? Yako jikoni, jioni yapikwe isyo. Hapo kicheko kiliisha.

Ini na sumu ya ukungu

Ini husafisha damu, huweka akiba ya nguvu na husaidia kusaga mafuta. Mahindi yakivunwa mabichi au yakinyeshewa, huota ukungu, na aina moja ya ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii huharibu ini la mtu na la mnyama. Haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Hukaa zaidi katika ganda na kiini cha punje, kwa hiyo makapi tunayomtupia mbwa huweza kuwa na sumu nyingi kuliko muthokoi wenyewe. Mbwa mdogo huumia upesi kwa sababu mwili wake ni mdogo.

Sisi watu wa Makueni na Kitui tunaijua sumu hii. Mwaka 1981 wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali za sehemu za Makueni, na 12 wakafariki. Kati ya Januari na Julai 2004 waliugua watu 317, wengi wao Makueni na Kitui, na 125 wakafariki. Huko Marekani, mwishoni mwa 2005, zaidi ya mbwa 100 walikufa kwa chakula cha mbwa kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo.

Dalili za kuangalia

Mbwa hukataa chakula, hutapika na kulegea. Macho na ufizi huwa manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, na tumbo huweza kujaa maji. Lakini tusikate shauri haraka. Homa ya kupe pia huleta umanjano. Kuna na homa nyingine inayoenezwa kwa mkojo wa panya na mbwa, nayo humpata hata mtu. Kwa hiyo tusiguse mkojo wake kwa mikono mitupu, na tumwite daktari wa mifugo.

Tumlishe nini?

Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii mwilini. Lakini ini likipumzishwa mapema huweza kujijenga tena. Tufanye hivi:

1. Tuache siku hiyo hiyo mahindi, unga na makapi ya gunia lile.
2. Tumpe chakula kidogo kidogo, mara nne kwa siku, si sahani moja kubwa jioni.
3. Tumpikie wali laini, tuchanganye na yai la kuchemsha au nyama kidogo ya kuku isiyo na ngozi wala mafuta.
4. Tusitie chumvi, hasa tumbo likiwa limevimba. Tusimpe maini wala mafuta.
5. Maji safi yawepo wakati wote.
6. Tusimpe dawa za watu. Panadol huweza kumuua.
7. Akianza kuzungukazunguka au kusukuma kichwa ukutani, sumu imefika kwenye ubongo. Tusimpe nyama tena, tumwone daktari upesi.

Sasa twende ghalani

Mbwa akiugua hivi, gunia nalo lichunguzwe. Tukaushe mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Tupime ukavu hivi: tutie mahindi na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya glasi, tufunge, tutikise, tungoje dakika chache. Chumvi ikishika kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Mahindi yenye ukungu tusimpe ng'ombe wala kuku, maana sumu hupita ikaingia katika maziwa. Wala tusiyapikie pombe.

Tunajua kumwaga mahindi wakati wa njaa ni uchungu, na maskini hawezi kuambiwa "tupa" halafu aachwe hivyo. Mwethya ni wa kazi kama hiyo. Kikundi cha yule mama kilimchangia madebe mawili ya mahindi safi, ndipo gunia likazikwa. Kambwa kenyewe hakakupona, kalichelewa. Lakini isyo ya gunia lile haikupikwa.

Maswali ya kujadili

1. Mahindi tunayoyachambua kwetu huenda wapi: kwa mbwa, kwa kuku au sokoni?
2. Nani katika kikundi ana turubai la kuazimana wakati wa mavuno?
3. Mwenzetu akilazimika kuzika gunia, tutamsaidiaje, na tutaanza lini kuweka akiba hiyo?