SOMO LETU: KIJANA ATAPENDA MBOGA AKIIPIKA MWENYEWE

Hapa kwetu Uasin Gishu mahindi tunayo na maziwa tunayo. Lakini ukimpakulia kijana sagaa au managu atakwambia, "Hizo ni chungu, ni za gogo." Roho yake iko kwa chipsi za Eldoret mjini. Kumgombeza hakusaidii. Tumfundishe kupika.

Jambo hili si dogo. Msichana akianza kupata hedhi, mwili wake huhitaji madini ya chuma zaidi. Akiyakosa damu hupungua, anachoka, na masomo yanamlemea. Mboga za majani zina chuma, pia vitamini A ya kulinda macho. Wavulana nao wanakua haraka, kwa hivyo wao pia waingie jikoni.

Mwaka 2007 Kenya ilianza kuorodhesha vyakula vya asili ikishirikisha watoto wa shule za msingi. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa mfano wa kuigwa. Kikundi chetu kinaweza kuanza hivi:

1. Tuchague Jumamosi moja ya likizo. Vijana wanane kwa jiko moja wanatosha.

2. Waende shambani pamoja na gogo anayezijua mboga. Wachume ncha tu bila kung'oa, ndipo mmea uchipue tena. Matunda ya managu yaliyo bado kijani yasiliwe, yana sumu.

3. Waoshe majani kabla ya kukata, si baada, ili vitamini zisimwagike na maji.

4. Wapike sagaa sufuria mbili: moja kwa maji na chumvi tu, nyingine iongezwe maziwa na kuachwa iive polepole, kama wazee walivyopika isagek. Waonje zote, halafu waseme wenyewe ni ipi tamu. Sisi tunyamaze.

5. Wale na ugali, na chungwa au nyanya mbichi kando, maana husaidia mwili kupokea chuma. Chai huzuia chuma, basi ingoje kama saa moja.

6. Kila mmoja aende na mbegu kidogo akapande nyuma ya jikoni kwao.

Maswali ya kujadiliana:
- Ni mboga gani tulizokula utotoni ambazo watoto wetu hawazijui hata kwa jina?
- Nani kati yetu bado ana mbegu zake?
- Likizo ijayo, tutapikia kwa nani?