SOMO LA AFYA: ASIDI YA YURIKI INAPOZIDI KATIKA DAMU

Ndugu Katibu, wasomee wanachama somo hili, kisha mjadiliane juu ya maswali yaliyo mwishoni.

Asidi ya yuriki ni taka itokanayo na purini, vitu vilivyomo katika chembe za mwili na za vyakula. Kila mtu anayo. Figo huitoa kwa mkojo kiasi cha theluthi mbili; iliyobaki hutoka kwa njia ya matumbo. Figo zisipoitoa ya kutosha, hulimbikizana. Ikipita miligramu 7 hivi katika desilita moja ya damu, huweza kuganda viungoni kama sindano ndogo.

Hapo ndipo huzuka jongo. Aghalabu huanza usiku, katika kidole gumba cha mguu, kwa uvimbe, joto na maumivu makali. Mwaka 1848 tabibu Mwingereza, Alfred Baring Garrod, alionyesha kuwa damu ya wagonjwa wa jongo ina asidi hii kwa wingi.

Je, kila mwenye kipimo cha juu ni mgonjwa? La. Wengi hawapati jongo kamwe, wala hawahitaji dawa. Hatari kubwa ni kupuuza maumivu yanayorudi. Hukoma baada ya siku chache, mtu akadhani amepona, kumbe asidi ingalimo, kama deni lisiloandikwa daftarini. Miaka ikipita, viungo huharibika, na mawe huweza kujijenga katika figo. Tena, vidonge vya maumivu vikimezwa ovyo huweza kuziumiza figo hizo hizo.

Pombe, hasa bia, maini, dagaa na soda zenye sukari huongeza asidi. Maharage yasilaumiwe. Hata hivyo, kwa mwenye jongo la mara kwa mara, kuchagua chakula hakutoshi. Daktari huweza kumpa alopurinoli, dawa ya kumezwa kila siku. Asiiache kwa kuwa maumivu yamekoma. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu huipandisha asidi. Zisiachwe bila ushauri wa daktari. Kiungo kikivimba pamoja na homa, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda kina usaha.

Maswali ya majadiliano:
1. Kwa nini kukoma kwa maumivu si dalili ya kupona?
2. Ni nani asiyehitaji dawa ingawa kipimo chake ni cha juu?
3. Tubadili nini katika vyakula na vinywaji vya sherehe za chama chetu?