Dondoo muhimu: Kitako cha mbao kwa darubini ya kujitengenezea

Usikate ubao wowote kabla bomba la darubini halijakamilika, kioo kikiwa ndani na lenzi ya jicho mahali pake. Lilaze juu ya mpini wa fagio uone linalingana wapi uzito. Hapo ndipo yakae maduara mawili ya pembeni, yale ambayo bomba litainuka na kushuka juu yake. Ukikosea, darubini itainama yenyewe kila ukiiachia.

Kwa sanduku la kubeba bomba, plaiwudi ya milimita 18 yatosha. Tumia gundi na skrubu, misumari hulegea.

Kazi kubwa imo kwenye msuguano. John Dobson, aliyeeneza kitako cha aina hii kutoka San Francisco, hakuhitaji beringi za chuma. Zinateleza mno, na upepo kidogo tu hukupotezea nyota. Bandika fomika chini ya sanduku, kisha pigilia vipande vitatu vya tefloni kwenye ubao wa chini wenye miguu mitatu, kila kimoja juu ya mguu wake ili ubao usipinde. Vichwa vya misumari vizame, visije vikakwaruza fomika. Boliti ya katikati ni ya kuzuia sanduku lisihame, basi, usiikaze.

Sukuma sanduku kwa kidole kimoja. Likiganda kisha likaruka, paka fomika nta ya fanicha.

Vanishi ifike hadi kwenye kingo za plaiwudi, maana umande huingilia hapo.

Usiku wa kwanza achana na nyota za utosini, kwani kitako hiki huzifuata kwa taabu. Anza na mwezi.