Dondoo muhimu: Kabla hujalipia jimu

Usilipe ada ya mwaka mzima siku ya kwanza. Lipia siku moja, na uende saa ileile utakayokuwa ukifanya mazoezi. Jimu iliyo tupu saa nne asubuhi hufurika watu saa kumi na mbili jioni, kila mashine na foleni yake.

Ukiwa ndani, kagua kwa mikono. Shika waya wa mashine ya kuvuta uzito. Ukikuta nyuzi zimeanza kukatika, au pini ya kushikilia vyuma imebadilishwa na msumari, ondoka. Fungua bomba la bafuni. Uliza kama ada inajumuisha mwalimu, kabati la kufungia vitu na erobiki, au kila kimoja kina bei yake.

Mwalimu mzuri huanza kwa kukuuliza kuhusu presha, kisukari na majeraha ya zamani. Asiyeuliza, mimi simkabidhi mgongo wangu.

Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kwa wiki. Hizo hazitimii kwenye jimu ya mbali, hata iwe nzuri vipi. Chagua iliyo karibu na nyumbani au kazini, na udai risiti.