Kuvuka Mpaka na Tela la Kulala: Ukaguzi, Upekuzi na Haki za Msafiri

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mtumiaji anayemiliki au kukodi tela la kulala, yaani tela linalovutwa na gari dogo, lenye kitanda, jiko la gesi na makabati ndani yake, na anayekusudia kuvuka nalo mpaka wa nchi. Mfano tutakaoufuata ni wa familia itokayo Arusha kwenda kupiga kambi karibu na Amboseli, nchini Kenya, kwa kupitia Namanga. Njia yenyewe si ndefu, kwani kutoka Arusha hadi Namanga ni zaidi kidogo ya kilomita 100 za lami. Ufupi huo ndio unaowafanya wasafiri wengi wafungashe kana kwamba wanakwenda shamba, na kufika mpakani bila kujua kwamba nyuma ya gari lao wanavuta jambo la kisheria.

Mwenye tela huliona kama nyumba ndogo. Ofisa wa forodha huliona kwa namna tatu kwa pamoja: ni chombo cha usafiri, ni mali inayoingizwa nchini, na ni kasha lililobeba mali nyingine. Karibu matatizo yote yatakayoelezwa hapa hutokana na tofauti hiyo ya mtazamo.

Tela lina hati zake

Kosa la kwanza ni kufika na kadi ya gari peke yake. Tela lina usajili wake, namba yake na namba yake ya chasisi, na linapoingia nchi nyingine linahitaji kutajwa kwa jina lake katika kibali cha kuingiza chombo kwa muda. Kibali hicho ni ahadi: mwenye chombo anaahidi kwamba kile alichoingia nacho atatoka nacho kabla ya tarehe iliyoandikwa. Ikiwa kibali kimetaja gari tu, siku ya kurudi tela litakuwa halina maelezo ya jinsi lilivyoingia. Ndiyo maana msafiri asiondoke dirishani kabla ya kusoma kibali chake mstari kwa mstari, akilinganisha namba zilizoandikwa na zile zilizogongwa kwenye chuma. Tarakimu moja iliyokosewa hurekebishwa kwa dakika chache siku ya kuingia. Siku ya kutoka inaweza kumgharimu mtu siku nzima.

Bima nayo ni vivyo hivyo. Bima ya ndani ya nchi haimfuati mtu ng'ambo ya mpaka. Kwa safari hii hutumika Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania na Kenya zote zinaitambua, na ambayo hufidia madhara anayopata mtu wa tatu. Mwombe wakala wa bima aandike namba ya tela pamoja na ya gari, na usiridhike na jibu la mdomo kwamba tela limo ndani ya bima ya gari.

Kuhusu watu tutasema kwa ufupi: kila msafiri, hata mtoto mchanga, awe na hati yake ya kusafiria iliyo hai.

Ikiwa tela ni la kukodi

Hapa mtumiaji yumo hatarini zaidi, kwa sababu anabeba dhamana ya kitu asichokijua vizuri. Jambo la kwanza ni ruhusa. Mkataba wa kukodi useme waziwazi kwamba tela linaruhusiwa kuvuka mpaka, utaje nchi linakokwenda na tarehe za kwenda na kurudi. Pamoja nao, mwenye tela atoe barua ya idhini iliyothibitishwa na wakili, na nakala ya kadi ya usajili. Asiyekuwa na barua hiyo huonekana mbele ya ofisa kama mtu anayepeleka mali ya mwingine nje ya nchi, na ofisa ana haki ya kushangaa.

Jambo la pili ni kulipekua tela mwenyewe kabla ofisa hajalipekua. Inua godoro. Fungua kila kabati, kisanduku cha gurudumu la akiba, nafasi iliyo chini ya sakafu na ile iliyo nyuma ya tangi la maji. Aliyelikodi kabla yako huenda alisahau kitu humo, na mpakani msafiri hulazimika kujieleza kwa kila kinachokutwa ndani ya chombo anachokiendesha. Piga picha, kisha uandike na mwenye tela orodha ya yaliyomo, nyote wawili mtie saini.

Jambo la tatu ni fedha. Uliza, na jibu liandikwe kwenye mkataba: tela likizuiliwa mpakani kwa siku tatu, siku hizo zitalipwa na nani? Likizuiliwa kwa sababu ya kasoro ya hati za mwenyewe, amana yako itarudishwa? Mkataba usiotaja mambo haya huwa unamwegemea aliyeuandika.

Vitu vinavyobebwa

Kabla ya safari, keti na familia muandike orodha ya vitu vyote vya thamani vilivyomo ndani ya tela: jenereta, friji ndogo, kamera, betri ya jua, baiskeli, pamoja na namba za utambulisho zilizobandikwa juu yake. Tengeneza nakala mbili. Unapotoka nchini, mwonyeshe ofisa wa forodha wa Tanzania na umwombe aithibitishe. Orodha hiyo hukulinda pande zote mbili. Kenya itaona kwamba jenereta ni chombo chako cha safari na si bidhaa ya kuuza. Na utakaporudi, Tanzania itaona kwamba ulitoka nayo na hukuinunua Nairobi. Lakini orodha ina makali yake pia. Ukimwachia jamaa yako jenereta hiyo kama zawadi, au ukiiuza kambini kwa sababu umepata bei nzuri, umeingiza bidhaa Kenya bila ushuru, na wema wa moyo si utetezi.

Chakula ndicho huleta mabishano mengi, maana tela lina jiko. Nyama mbichi, maziwa yasiyosindikwa, mbegu, miche na matunda huangaliwa na maofisa wa afya ya mifugo na mimea, na huhitaji vibali. Ushauri wetu, ambao wapishi hawaupendi, ni kuvuka na jokofu tupu na kununua mboga na nyama ng'ambo. Mifuko ya plastiki iachwe nyumbani: Kenya iliipiga marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Zaidi ya hayo, tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji, sahani na vikombe, hazikubaliwi ndani ya hifadhi za taifa, misitu na fukwe za Kenya. Anayekwenda Amboseli na katoni za maji ya chupa atazuiliwa langoni hata kama mpakani alipita salama.

Kwa mtu mzima, forodha huruhusu bila ushuru pombe kali isiyozidi lita 1 au mvinyo usiozidi lita 2, na tumbaku ya aina zote isiyozidi gramu 250. Fedha taslimu zinazofikia dola 10,000 za Marekani au zaidi, kwa sarafu yoyote, ni lazima zitamkwe. Ndege ndogo isiyo na rubani isibebwe bila idhini ya mamlaka ya nchi husika. Watoto huiona kama kichezeo, dola haioni hivyo.

Safari ya kurudi ina mitego yake miwili. Wa kwanza ni mirungi. Nchini Kenya huuzwa hadharani na kwa halali. Nchini Tanzania ni dawa ya kulevya chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Kitita alichokisahau dereva au abiria uliyemhurumia njiani, kikikutwa chini ya godoro, hakitaulizwa kimetoka nchi gani. Wa pili ni nyara. Watoto wakiwa kambini huokota unyoya, gamba la kobe, jino, au kipande cha yai la mbuni. Kuwa na nyara bila kibali ni kosa zito katika nchi zote mbili. Kwa hiyo usiku wa mwisho wa kambi, mifuko ya watoto imwagwe mkekani.

Siku ya ukaguzi

Namanga ni kituo cha huduma kwa pamoja, kilichozinduliwa rasmi tarehe 1 Desemba 2018. Anayetoka Tanzania huhudumiwa katika jengo lililo upande wa Kenya, ambamo maofisa wa nchi zote mbili hukaa. Anza na madirisha ya Tanzania ili kutoka, ndipo uende ya Kenya ili kuingia. Wakati wa kurudi mambo yote hufanyika upande wa Tanzania. Nje ya majengo utakutana na vishoka wanaojitia kuwa mawakala, wakidai kwamba tela haliwezi kupita bila wao. Ukihitaji wakala wa forodha, mtafute mwenye leseni na umdai risiti. Malipo ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na hutolewa stakabadhi. Fedha zinazopokelewa mkononi kando ya tela hazina jina hilo.

Je, ofisa anaweza kuingia ndani ya tela na kufungua makabati? Anaweza. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano hulinda faragha ya mtu, familia yake na maskani yake, na baadhi ya wasafiri huitaja ibara hiyo wakiwa wamesimama mlangoni mwa tela. Lakini Katiba hiyohiyo inaiachia sheria iweke utaratibu wa kuiingilia faragha, na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa ofisa uwezo wa kusimamisha na kukagua vyombo na mizigo. Kitanda hakiligeuzi tela kuwa nyumba mbele ya forodha. Tena kazi ya kufungua, kushusha na kupanga upya ni ya msafiri, kwa hiyo panga mizigo kwa namna ambayo unaweza kuishusha.

Hata hivyo, uwezo wa ofisa haufuti haki zako. Omba kuwapo, wewe au mtu mzima wa familia, kila mlango unapofunguliwa. Uliza kwa heshima jina la ofisa na ofisi yake. Upekuzi wa mwili ni jambo jingine kabisa na lile la kukagua mizigo: hufanywa pale ofisa anapokuwa na sababu za msingi za kushuku, mwanamke hupekuliwa na mwanamke mwenzake tu, na mtu anayetaka kupekuliwa anaweza kuomba apelekwe kwanza mbele ya ofisa wa ngazi ya juu. Maneno ya kutumia ni machache: "Afande, sikatai kupekuliwa, ila naomba nipelekwe kwanza kwa mkubwa wako."

Swali linaloamua mengi ni lile la kawaida kuliko yote: "Una chochote cha kutamka?" Jibu la haraka la "hapana" ni tamko. Kitu kilichotajwa na kukataliwa mara nyingi huishia kulipiwa, kurudishwa au kuachwa. Kitu kilekile kilichofichwa ni kosa, na sheria huruhusu kukamatwa kwa chombo kilichokibeba, yaani tela na hata gari linalolivuta.

Baada ya mpaka, askari wa barabarani wanaweza kukusimamisha tena. Weka hati zote katika bahasha moja karibu na dereva, na hakikisha taa za tela zinawaka; taa mbovu huita maswali mengine.

Kitu kikikamatwa

Usigombane na usiondoke mikono mitupu. Dai hati ya maandishi inayotaja kitu kilichokamatwa, namba zake, hali yake, tarehe na sababu. Piga picha ya hati hiyo papo hapo. Kisha hesabu siku, kwa maana hapa ndipo watu wengi hupoteza mali ambayo wangeweza kuipata. Sheria ya mwaka 2004 inamtaka ofisa amwandikie mwenye mali notisi ndani ya mwezi mmoja, isipokuwa pale mali ilipokamatwa mbele ya mwenyewe. Nawe ulikuwepo. Hakuna barua inayolazimika kukufuata nyumbani. Mwezi wako mmoja wa kuandika dai kwa Kamishna wa forodha wa nchi iliyokamata mali umeanza kuhesabiwa siku ileile. Ukipita bila dai, mali huhesabiwa kuwa imetaifishwa. Kama tela ni la kukodi, mjulishe mwenyewe kwa maandishi siku hiyohiyo, maana naye ni mwenye mali na ana dai lake.

Huenda ukaambiwa kwamba shauri linaweza kumalizwa hapohapo kwa faini bila kwenda mahakamani. Njia hiyo ni halali, na kwa kosa dogo lisilo na ubishi inaweza kuwa nafuu kwa familia yenye watoto iliyokwama Namanga jioni. Lakini hufuatwa pale tu mhusika anapokiri kosa kwa maandishi, na agizo linalotolewa huwa la mwisho, halikatiwi rufaa. Soma karatasi unayopewa hadi mwisho kabla ya kutia saini. Ikiwa hukutenda kosa, au huelewi lugha iliyotumika, sema hivyo, omba muda wa kuwasiliana na wakili, na uombe nakala ya kila ulichosaini.