Mwezi wa Yavne na mwezi wa Tunduma

KILA unapokaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, na tena unapokaribia mwisho wake, sisi Waislamu wa Tunduma huwa tuna maradhi yetu. Mji wetu uko mpakani. Ukivuka upande wa pili umeingia Nakonde, Zambia, na saa ya mkononi inabidi uirudishe nyuma saa moja. Lakini jua halina habari na mpaka. Linazama Tunduma na Nakonde kwa wakati mmoja, na mwezi ukiandama wanaoutazama wanautazama katika anga moja. Pamoja na hayo, ipo miaka ambayo ndugu wa tumbo moja wameswali Idi siku mbili tofauti, huyu akifuata tangazo la Dar es Salaam, yule la Lusaka. Na humu humu mjini wapo wanaosema mwezi ni mmoja, ukionekana popote duniani umeonekana. Matokeo yake, katika duka moja muuzaji amefunga na mwenye duka anakula sikukuu.

Kila upande una hoja zake. Wapo wanaotoa hadithi ya Kurayb iliyomo katika Sahih Muslim, aliyefika Madina kutoka Sham na kumweleza Ibn Abbas (r.a.) kuwa kule mwezi ulionekana usiku wa Ijumaa, na Ibn Abbas asiufuate kwa sababu Madina waliuona usiku wa Jumamosi. Wengine wanajibu kuwa amri ya Mtume (s.a.w.) ya kufunga kwa kuonekana mwezi ni ya Umma mzima. Sikushika kalamu leo kuhukumu baina yao. Nataka kuwaeleza kisa cha watu waliogombana juu ya mwezi karne tano na zaidi kabla ya Hijra, nao ni wanavyuoni wa Kiyahudi.

Najua atakayeuliza: Mayahudi wanatuhusu nini? Qur'an yenyewe imewataja wanavyuoni wao. Katika Suratul Maida aya ya 44 tunaelezwa kuwa Taurati ilihukumiwa kwayo na Manabii, na pia na wacha Mungu na maulamaa waliopewa kuihifadhi. Katika Suratut Tawba aya ya 31 wamekemewa wale waliowafanya maulamaa wao kuwa miungu. Yote mawili yamo. Na Mtume (s.a.w.) ameruhusu kusimulia habari za Bani Israil, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Abdullah bin Amr (r.a.). Kwa hiyo tusome, huku tukijua tunasoma nini.

Mwaka 70 kwa hesabu ya Miladia, jeshi la Warumi chini ya Tito liliiteka Jerusalem na kuliteketeza Hekalu. Dini ambayo ibada zake nyingi zilikuwa za kuchinja dhabihu mahali pamoja ilibaki bila mahali hapo. Inasimuliwa kuwa mwanachuoni wao mmoja, Yohanan ben Zakkai, alitolewa nje ya mji uliozingirwa akiwa amelazwa ndani ya jeneza kama maiti, akafika mbele ya jemadari Vespasian. Katika aliyoyaomba hakuomba mji wala hazina. Aliomba aachiwe Yavne, mji mdogo karibu na pwani, pamoja na wanavyuoni wake. Huko ndiko kukawa na baraza na chuo.

Kazi moja kubwa ya baraza hilo ilikuwa ni kutangaza mwezi. Miezi yao ilianza kwa kuandama, na mashahidi walikuja barazani kuhojiwa mmoja mmoja. Zamani habari zilipelekwa kwa moto: uliwashwa juu ya mlima mmoja, wa mlima wa pili wakauona wakawasha wao, mpaka ukafika kwa Mayahudi waliokaa Babeli. Kisha wapinzani wao wakaanza kuwasha mioto ya uongo, ikabidi kutuma wajumbe. (Wenye kusambaza picha za mwezi kwenye simu saa tano usiku waelewe kuwa hawakuanza wao.)

Baada ya Yohanan, uongozi ulishikwa na Rabban Gamliel wa pili, wa kizazi cha Hillel. Alikuwa mtu wa elimu na mwenye mkono mzito. Ukutani kwake alikuwa na michoro ya sura za mwezi, na mashahidi wasiojua kueleza aliwaonesha: uliuona hivi, au hivi? Siku moja walikuja wawili wakasema wameuona, lakini usiku uliofuata, ambapo kila mtu angepaswa kuuona, haukuonekana. Gamliel alikuwa ameupokea ushahidi wao. Mzee mmoja, Dosa ben Harkinas, akasema hao ni mashahidi wa uongo. Yehoshua ben Hananiah, mmoja wa wanafunzi wakubwa wa Yohanan, akaona hoja ya Dosa ni sahihi.

Hapo Gamliel akamtumia Yehoshua amri ngumu. Siku ambayo kwa hesabu ya Yehoshua ndiyo Siku ya Upatanisho, siku yao kubwa ya kufunga ambayo kubeba mzigo na fedha ni haramu kwao, aje mbele yake akiwa na fimbo na fedha mkononi.

Yehoshua alihuzunika sana. Akiva akamweleza kuwa nyakati za ibada ni zile baraza linazozitangaza, hata kama limekosea. Na Dosa, yule yule aliyewakataa mashahidi, akamwambia kuwa tukianza kuhoji baraza la Gamliel itabidi tuhoji kila baraza lililokuwepo tangu Musa. Yehoshua akashika fimbo yake na fedha zake, akaenda. Gamliel akasimama, akambusu kichwani, akamwita mwalimu wake kwa elimu na mwanafunzi wake kwa kutii.

Kisa hiki kimo katika Mishna, iliyokusanywa na Yehuda ha-Nasi kiasi cha mwaka 200. Kinapendeza, na viongozi wangependa tuishie hapo. Mimi pia naona hoja ya Dosa ina uzito, kwani hata kwetu Tirmidhi amepokea kwa Abu Hurayra (r.a.) kuwa funga ni siku wanayofunga watu. Kwa msimamo wangu, Muislamu wa Tunduma afunge na kufungua pamoja na nchi yake.

Lakini kisa kina nusu ya pili, nayo imo katika Talmud ya Babeli. Gamliel aliendelea kumdhalilisha Yehoshua. Safari nyingine, katika suala la swala ya jioni, alimwacha amesimama mbele ya watu huku yeye akiendelea kusomesha. Watu wakachoka, wakamuuzulu Gamliel. Wakamweka Eleazar ben Azariah, kijana ambaye inasimuliwa alikuwa na miaka 18. Siku hiyo bawabu aliyekuwa akizuia wanafunzi mlangoni aliondolewa, na madawati yakaongezwa kwa mamia.

Gamliel akaenda kumuomba radhi Yehoshua nyumbani. Alipoingia akakuta kuta nyeusi kwa moshi, ndipo akatambua kuwa mtu aliyekuwa akimwamrisha ni mchoma mkaa. (Mapokezi mengine yanasema alitengeneza sindano.) Yehoshua akamjibu kwa uchungu kwamba ole wa kizazi ambacho yeye ni nahodha wake, kwa kuwa hajui shida za wanavyuoni wala wanakula nini. Baadaye alimsamehe, Gamliel akarudishwa, na Eleazar hakufukuzwa. Waligawana zamu za kusomesha.

Ndugu zangu, tunapodai utii katika suala la mwezi tunasoma nusu ya kwanza tu. Namfahamu ustadhi mmoja hapa Tunduma anayesomesha watoto Qur'an baada ya Magharibi. Mchana anasukuma mkokoteni wa mizigo kati ya Tunduma na Nakonde. Ada za madrasa hazimtoshi hata kodi ya chumba. Jioni ya tarehe 29 Shaaban huwa yuko barabarani anarudi, na upande wa magharibi uko wazi mbele ya macho yake. Tangazo analisikia redioni kama sisi sote. Katika miaka yote niliyomfahamu hajatokea mtu wa kamati yoyote kumuuliza kama ameuona.